Darasa la takwimu la Jumamosi, Nyegezi, Mwanza: thamani ya p nimeielewa kwa visahani vya dagaa

Jamani mnaohangaika na tasnifu nendeni hapa. Mi nilimlipa jamaa wa steshenari anichambulie data, akaniambia p ni 0.03, iko chini ya 0.05, andika kuna tofauti, basi. Supavaiza akauliza hiyo 0.03 maana yake nini, nikajibu kuna asilimia 3 tu kwamba haipothesisi sifuri (ile dhana kwamba hakuna tofauti yoyote) ni kweli, akanirudishia kazi yote. Niliumia sana.

Sasa huyu ticha wa Nyegezi hakuanza na kompyuta. Kuna dada mwenzetu anauza dagaa mwaloni Kirumba, siku zote anasema akionja tu anajua hawa walianikwa mchangani na hawa kwenye chanja, hata uwaoshe vipi. Ticha kaja na visahani 8, vinne vya mchangani vinne vya chanja, mpangilio kaupata kwa kuokota vikaratasi, dada katolewa nje. Kabla hajarudi ticha akaandika ubaoni 0.05, akasema hii ndo alfa, yani mpaka ambao p isipozidi hapo ndo tunasema sio kubahatisha tu, na ikishaandikwa haifutwi.

Dada akaonja taratibu, anasukutua maji kila kisahani, akachagua vinne anavyoona ni vya mchangani. Akapatia vitatu. Sisi makofi! Ticha akasema ngojeni, akatupigisha hesabu kwa mkono: kuchagua vinne kati ya vinane kuna njia 70, ya kupatia vyote ni 1 na za kupatia vitatu ni 16, kwa hiyo 17 kwa 70, kama 0.24, hiyo ndo p. Yani mtu asiyejua kitu, anayebahatisha tu, angefika hapo au zaidi karibu mara moja katika kila nne. Hapo ndo nikaelewa. Thamani ya p haikuambii uwezekano wa haipothesisi sifuri kuwa kweli, unaanza kwa kuchukulia kwamba ni kweli (hapa, kwamba dada anabahatisha tu) halafu unauliza matokeo kama haya au makali zaidi yangetokea kwa nadra kiasi gani.

Kaka mmoja akasema basi tuweke alfa 0.25 dada apite, ticha akakataa katakata, alfa ni kiwango cha kukosea ulichokikubali kabla hujaona matokeo. Halafu akasema pia hatujathibitisha kwamba dada hajui, jaribio lenyewe lilikuwa dogo, kwa visahani 8 angepita tu kama angepatia vyote, 1 kwa 70, kama 0.014. Jaribio hili ni la Ronald Fisher wa Uingereza, aliliandika 1935 kwa chai ya maziwa, na 0.05 alishaipendekeza tangu 1925 kama mpaka unaofaa kutumia, sio sheria.

Kasoro zipo. Chumba kina joto, tulianza nusu saa baadaye, na SPSS, ile programu ya kuchambua data, tulikuwa watu 11 kwenye laptopu moja. Kosa la aina ya pili, yani kushindwa kuona tofauti ambayo kweli ipo, alilipitia haraka mno wakati kwa utafiti mdogo kama wetu ndo linalotuumiza zaidi, nimemwomba alirudie.

Elfu kumi kwa siku, mi nimeshalipia ijayo. Dada hajakubali kushindwa, kaomba visahani 16, nane kwa nane, na tumeshapiga hesabu: akikosea kimoja tu kati ya nane atakavyochagua, p itakuwa 65 kwa 12,870, kama 0.005. Dagaa analeta mwenyewe, vikaratasi tunaokota sisi.