Koiliova za Kurekebisha: Kifundo Kimoja Kilichonibadilishia Gari

Karibuni tena, watazamaji wangu. Hiki mnachokiona kati ya vidole vyangu viwili ni kifundo cha alumini cha kuzungushia ugumu wa shokapu, kisichozidi ukubwa wa kifuniko cha chupa, na ndicho kilichonifanya niwashe kamera kabla sijamaliza kufuta grisi mikononi. Nimeendesha gari hili miaka mingi likiwa na shokapu na springi zake za kiwandani, na sikujua ni kiasi gani cha uwezo wake kilikuwa kimelala hadi nilipofunga koiliova.

Koiliova ni springi iliyovikwa juu ya shokapu yenye nyuzi za skrubu mwilini mwake, na wengi wenu hilo mnalijua, kwa hiyo sitawasomea yaliyoandikwa kwenye boksi. Namba moja tu nitaitaja, kwa sababu itatusaidia mbele: springi za mbele za seti hii ni za kilo 6 kwa milimita. Maana yake, ukiiwekea springi hiyo uzito wa kilo 300, itabonyea milimita 50, ilhali springi ya kilo 3 ingebonyea milimita 100 kwa uzito uleule. Springi ngumu kiasi hiki ikifungwa juu ya shokapu iliyotengenezewa springi laini, gari litadundadunda kama mpira, kwa sababu springi kazi yake ni kuhifadhi nguvu na kuirudisha, na ni shokapu pekee inayoimaliza nguvu hiyo kwa kuigeuza kuwa joto ndani ya mafuta.

Sasa turudi kwenye kifundo. Chini yake kuna pini nyembamba inayoingia katika njia ya mafuta, na kila unapokizungusha kulia njia hiyo inazidi kuwa finyu. Katika seti hii kifundo ni kimoja kwa kila shokapu, na kazi yake kubwa iko pale shokapu inapojivuta kurudi urefu wake baada ya kubonyezwa, jambo ambalo mafundi wengi huliita rebaundi. Hesabu inaanzia mahali palipofungwa kabisa: zungusha kulia taratibu hadi kikatae, usikikaze zaidi ya hapo maana pini inaweza kuumia, kisha rudi kushoto ukihesabu. Sikilizeni. Moja, mbili, tatu. Kila mlio ni kliki moja, na zote ni 24.

Nimefunga kamera kwenye mlango, ikitazama nafasi iliyopo kati ya tairi la mbele na madigadi, na tuko katika uwanja uliofungwa wenye matuta matatu yanayofuatana kwa karibu. Mara ya kwanza nimeweka kliki 22, yaani karibu laini kabisa. Tazameni gari linavyovuka tuta la mwisho: bodi inapanda, inashuka, inapanda tena, na inashuka mara ya pili kabla ya kutulia. Nikikata kona, usukani wangu umeshafika ninapoutaka lakini uzito wa gari bado uko njiani, na ukifika unapitiliza kidogo. Dereva asiyejua atalaumu matairi.

Mara ya pili nimeweka kliki 2, karibu na kufunga kabisa, na hapa naomba mtazame kwa makini kwa sababu ndipo watu wengi wanapodanganyika. Kwenye kona ya kwanza gari linaonekana limekuwa la mashindano. Halilali, halitikisiki, usukani unajibu papo hapo. Lakini tazameni matutani. Kabla ya tuta la kwanza nafasi ile ni ya vidole vitatu. Kabla ya la pili, vidole viwili na nusu. Kabla ya la tatu, viwili. Gari linazama! Shokapu imebanwa kiasi kwamba springi haipati muda wa kulirudisha gurudumu chini kabla tuta jingine halijafika, na kila tuta linaiba sehemu ya nafasi iliyobaki ya kubonyea. Tairi linapochelewa kurudi kwenye lami, halina mshiko, hata likiwa jipya na la bei ya juu. Ugumu huu unaowafurahisha watu kwenye lami laini ndio unaowatoa barabarani kwenye kona yenye mabonde.

Mara ya tatu ni kliki 10. Bodi inapanda mara moja, inarudi, inasimama. Nafasi ya madigadi ni vidole vitatu kabla ya kila tuta. Nimeirudia picha hii kwa mwendo wa polepole mara nyingi kuliko inavyohitajika, na bado inanifurahisha, kwa sababu gari ni lile lile, springi ni zile zile, na kilichobadilika ni njia ya mafuta nyembamba kuliko sindano.

Lazima pia niwaambie kwamba wiki ya kwanza niliichukia seti hii. Niliandika kwenye daftari langu kwamba ni ngumu mno na kwamba ningeirudisha, kwani kila shimo dogo lilinipiga mgongoni kama nyundo. Nilidhani springi ndizo zenye makosa. Ndipo nilipofunga kamba ndogo ya plastiki, zile za kufungia nyaya, kuzunguka fimbo ya shokapu ya nyuma, nikaisukuma chini hadi ikagusa mwili wa shokapu, nikaenda kuendesha. Shokapu ikibonyea, mwili wake huisukuma kamba hiyo juu, na kamba hubaki pale mwendo ulipoishia. Niliporudi niliikuta imekandamizwa kwenye stopa ya mpira, ile inayoizuia shokapu isigonge mwisho wake. Sikuwa nikiendesha juu ya springi; nilikuwa nikiendesha juu ya mpira.

Kosa lilikuwa langu, na naona wengi wakilifanya. Seti hii inashushwa kwa kuzungusha braketi ya chini, yaani kishikio cha chini cha shokapu, ambayo inafupisha shokapu nzima bila kugusa mwendo wa fimbo. Mimi nilikuwa nimeshusha gari kwa ringi inayokaliwa na springi, hivyo springi ikalegea, fimbo ikazama ndani, na nafasi ya kubonyea ikaisha kabla safari haijaanza. Nilirudisha ringi mahali ambapo springi inabanwa kidogo tu, nikarekebisha kimo kwa braketi, nikaliinua gari milimita 20 juu ya pale nilipolitaka kwa macho, na yale maneno ya daftarini nikayafuta.

Hapo kwenye kimo ndipo ninapokasirika, na sitaficha. Picha zinazouza koiliova ni za magari yaliyolala chini hadi tairi likaingia ndani ya madigadi, kana kwamba kushusha ndiko kunakoleta mshiko. Kwenye gari lenye mfumo wa MacPherson mbele, yaani shokapu na springi zikiwa nguzo moja inayoshika gurudumu, ukilishusha kupita kiasi mkono wa chini unaounganisha gurudumu na bodi unaanza kuinama kinyume, ncha ya gurudumu ikiwa juu kuliko ncha ya bodi, na kitovu ambacho bodi inakizunguka ikilala kwenye kona kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kilivyoshuka. Matokeo yake ni kwamba gari lililoshushwa linaweza kutaka kulala zaidi kwenye kona kuliko lilipokuwa juu. Kila ukibadilisha kimo, pembe za magurudumu nazo zinabadilika, kwa hiyo alaimenti, yaani kuzipanga upya pembe hizo, si hiari. Ukiiruka, matairi yataliwa upande mmoja na utayabadilisha mapema.

Ndiyo maana gharama ya koiliova haiishii kwenye boksi. Wekeni kando pesa ya alaimenti, ya mipira ya juu inayoshika shokapu kwenye bodi kama ya zamani imechoka, na ya bushi, zile za kwenye maungio ya mikono ya magurudumu. Bushi za mpira, kumbukeni, hukazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Zikikazwa likiwa linaning'inia kwenye jeki, zitabaki zimejipinda kila siku na zitachanika mapema. Mmeniomba video ya bushi kwa muda mrefu, na ndiyo itakayofuata kwenye chaneli hii.

Wapo watakaouliza kuhusu washindani. Koiliova za KW Variant 3 zinatenganisha kubonyea na kujivuta kwa virekebishi viwili, na mwili wao ni wa chuma kisichoshika kutu, jambo ambalo nalionea wivu kila ninapotazama ringi zangu za alumini zilizokwisha kupata vumbi. Kampuni ya Tein wana mfumo wa EDFC unaozungusha vifundo kwa mota ndogo ukiwa umekaa kwenye kiti. Mimi kwa kifundo cha nyuma lazima nifungue buti, nivue zulia lote na kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko, na hilo katika seti inayouzwa kwa sifa ya kurekebishika ni uzembe wa msanifu. Hata hivyo, kwa mtu anayeanza, kifundo kimoja kinamfundisha vizuri kuliko vitatu, kwa sababu akikosea anajua amekosea wapi.

Kwa sasa nimeacha kliki 10 mbele na 12 nyuma. Kila ringi nimeikaza kwa spana yake ya ndoano, nikaosha nyuzi, nikapaka grisi kidogo, kisha nikachora mstari mmoja wa rangi nyeupe unaovuka ringi mbili na kuendelea hadi kwenye mwili wa shokapu, kama huu mnaouona hapa. Ringi ikilegea, mstari utakatika, na nitauona bila kuvua gurudumu. Nitaendesha kilomita 500, na tukikutana tena, kabla ya bushi, tutaanza kwa kumulika mstari huu kwa tochi.