Plansha gani ununue kwa barbekyu ya gazi ukienda kulala nje: mpangilio wangu toka Goma

Mwenye alishajaribu kuchoma sambaza (vile visamaki vidogo vya ziwa Kivu) juu ya waya ya barbekyu anajua ile uchungu, unaweka ishirini unakula kumi na mbili, zingine zote zimepita katikati ya waya zikaungua chini. Njo juu ya sambaza miye nilianza kutafuta plansha, ile sahani ya chuma ya bapa unaweka juu ya barbekyu ndogo ya gazi, unakaanga samaki, mayai, chapati, viazi na ile fromaji ya Masisi yenye inakuwa rangi ya dhahabu juu na laini ndani. Kila tukivuka ziwa kwenda kulala ku kisiwa cha Idjwi inakuwa ndani ya mizigo. Nishatumia za aina nyingi, na nimeona batu banapoteza feza juu banaangalia uzuri wa plansha mbele ya kuangalia barbekyu yao yenyewe.

Basi mbele ya yote, chukua mètre upime barbekyu yako ndani, kule waya inalala. Plansha isifunike yote. Unapashwa kuacha nafasi ya senti 2 mpaka 3 kila upande, juu moto wa gazi unahitaji kupumua: hewa inaingia chini, joto na moshi vinatoka pembeni. Ukiziba yote joto linarudi chini, linaenda ku robine na ku tiyo. Hiyo ilinipata mwaka wangu wa kwanza, nilinunua plansha kubwa kabisa nikifikiri kubwa njo nzuri, tukiwa ku kambi plastiki ya robine ikaanza kulainika na moto ukawa wa rangi ya njano, masizi kila mahali. Tulizima haraka, tukakula mkate na ndizi ile usiku. Na kama yako ni kale karesho (kajiko) ka meza kenye katuri (kakopo) ya gazi iko pembeni ndani, hapo muangalie zaidi, plansha isipite kabisa juu ya katuri, juu katuri ikipata joto inaweza kupasuka, na vile vitabu vya maelezo vinakatazaga hiyo waziwazi.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza kwangu ni plansha ya chuma cha kawaida, tole nyeusi ya milimita 4, yenye fundi wa sudire (kuchomelea chuma) anakukatia kwa kipimo chako. Najua wengi watashangaa juu banataka kitu cha ku karton, lakini sikilizeni. Barbekyu zetu zinatoka kila nchi, kila moja na kipimo chake, fundi peke yake njo atakupatia ile nafasi ya senti 3 kila upande sawasawa. Kipande cha 40 kwa 25 cha milimita 4 kina kilo 3 hivi, mutu anabeba bila shida. Inapata moto haraka kuliko fonti (chuma kizito cha kumiminwa) na ikianguka ku mawe ya volkano haivunjike. Muambie fundi aweke ukuta wa senti 2 pande tatu, mbele aache wazi ama atoboe tundu la kupitisha mafuta, na asisudire mustari muzima, aguse points points tu, juu sudire ndefu inakunja tole na plansha iliyokunjika mafuta yote yanakimbilia kona moja na mayai yako nayo. Mbele ya kulipa ilaze ku meza ya bapa, bonyeza kona zote, ikicheza muachie. Usikubali ya milimita 2, itakunjika yenyewe ku moto wa kwanza. Halafu pembe zilainishwe, batoto banashikaga kila kitu.

Kazi yake ni kuizoesha mafuta. Unaisafisha na mchanga na sabuni, unaikausha ku moto, unapaka mafuta ya soja ama ya alizeti kidogo sana, unafuta kama vile unataka kuyatoa yote, unaacha itoe moshi mpaka inakuwa nyeusi. Mara tatu, mara ine. Mawese usitumie kwa hiyo kazi, haikauki vizuri, inabaki inanata. Kisha hiyo kuzoeshwa, chapati inateleza yenyewe.

Ya pili ni fonti. Kwa ladha miye naiweka sawa na ya kwanza, hata mbele kidogo kwa nyama, juu ikishashika joto hailiachi, unatupa nyama ya baridi juu na bado inalia. Zile zenye sura mbili, upande mumoja bapa na upande mwingine mistari, kama zile za Lodge ya Marekani (kampuni iko tangu 1896), zinakaa mpaka unaachia batoto bako. Inashuka nafasi ya pili juu ya uzito, ile 40 kwa 25 ya milimita 6 inapita kilo 4, na juu nyingi ya zenye zinakuya toka inje ni ndefu, zinakaribia senti 50, barbekyu za pikiniki hazizipokei. Inahitaji dakika 10 za moto wa katikati mbele ya kuweka kitu. Na usiimwagie maji ya ziwa ikiwa moto, fonti inapasuka. Kama unaenda na gari mpaka kambini, weka fonti namba moja, sitabishana na wewe.

Ya tatu ni ile mashini nzima, plansha na moto wake pamoja. Hapo hakuna hesabu ya nafasi, yote imeshapimwa ku kiwanda, moto unagawanyika vizuri, na kuko kasanduku ka kupokea mafuta. Nzuri kwa familia kubwa. Shida ni kwamba unabeba kitu kimoja kikubwa chenye kinafanya kazi moja, na detanderi, kile kifaa cha kupunguza pressure ya gazi toka ku bombone. Uliza detanderi mbele ya bei! Mashini za Marekani nyingi zinakuya na kichwa cha kale kabombone kadogo ka gramu 465 kenye huku kukapata ni shida, utahitaji adapta na detanderi ya pressure yenye imeandikwa ku mashini. Kama muuzaji hawezi kukuonesha ikiwaka na bombone ya huku, usitoe feza.

Ya ine, aluminiamu yenye kupakwa ile nyeusi isiyoshika. Nyepesi kabisa, kilo moja na nusu hivi, joto linaenea haraka kila kona, mayai ni raha. Lakini ile rangi inaanza kuharibika kama ku digri 260 na kutoa moshi mubaya, na plansha tupu juu ya moto wa gazi inafika pale kwa dakika chache tu. Kwa mwenye anabeba ku mugongo na atatumia moto mudogo, sawa.

Inoksi naweka ya tano. Haishiki kutu, lakini haieneze joto, katikati inaungua pembeni iko baridi, na samaki inanata.

Na kuko ile sitaki hata kuipanga: kipande cha tole ya kufunika nyumba. Ile iko na zinki. Ikipata moto mukali inatoa moshi wa sumu, na ukiweka limao ama tomati juu zinki inaingia mu chakula. Mtu akikuuzishia, kataa.

Gazi nayo. Angalia nguvu ku karton, ikiandikwa BTU 10,000 hiyo ni karibu kilowati 3, inakula gramu 230 hivi kwa saa moto ukiwa juu kabisa, kwa hiyo bombone ya kilo 6 inakupatia masaa 25 hivi. Weekend ya batu sita haimalize hata nusu. Kama unapanda mulima, tafuta yenye propane mingi, juu butane inakataa kugeuka mvuke baridi ikikaribia 0, na kule juu ya Nyiragongo, mita 3,470, usiku inafikaga pale. Plansha kule juu inasaidia sana: maji huku Goma yanachemka ku digri 95 hivi, kule juu hata 90 hayafike, maharage yanakataa kuiva, lakini plansha haina habari na mwinuko, chuma kinafika 200 kama kawaida.

Kitu kimoja batu ba Goma tutakielewa haraka kuliko batu bengine. Mazuku tunayajua, ile gazi yenye inalala mu mashimo kule Himbi, Bulengo mpaka Sake, inaua mbuzi na hata batu juu ni nzito kuliko hewa. Propane uzito wake ni karibu sawa na ule wa mazuku. Ikivuja haipande, inashuka, inajaa mu bonde ama mu hema, inangojea kiberiti. Kwa hiyo bombone isimame mahali pa juu penye upepo, paka maji ya sabuni ku tiyo na ku detanderi uangalie kama kunatoka mapovu, na usipikie mu hema hata mvua ikinyesha namna gani, juu moto wa gazi nao unatoa hewa ya kuua yenye haina harufu.

Ukishanunua plansha, ongeza spatula ya chuma ya mdomo mupana, ya kugeuzia na ya kukwangua, na mufuko wa kitambaa kizito wa kuibebea. Barbekyu ilaze sawa na mawe madogo chini ya miguu, mbele iinamie kidogo mafuta yashuke. Tupa matone ya maji juu: yakicheza na kukimbia, weka sambaza.