Gari la stima, haibridi au petroli: lipi litakutoa pesa kidogo ukikaa Mombasa

Wanaonijia kutaka ushauri wa gari la stima huanza na bei, wakimaliza bei huuliza betri hudumu miaka mingapi. Mimi huwarudishia swali: gari lenyewe utalilaza wapi? Mwenye nyumba yake Bamburi, ana ua, geti na mita ya tokeni kwa jina lake, na mpangaji wa ghorofa ya nne Tudor anayeegesha kando ya barabara chini ya mkungu, hawafai kununua gari moja hata wakiwa na pesa sawasawa.

Ndugu yangu alidhani swali hilo atalikwepa. Alinunua Nissan Leaf, gari la stima tupu, akiwa anakaa ghorofa ya kwanza Majengo, na kila usiku akawa anateremsha ekstensheni dirishani. Wiki ya tatu akaniita nikaone. Plagi ya pini tatu ilikuwa imegeuka hudhurungi upande mmoja, na nilipoiminya ikabonyea kama halua ya moto. Birika la stima huvuta umeme mwingi vile vile, lakini baada ya dakika chache limeshachemka. Gari huvuta ampea 10 saa 8 bila kupumua. Soketi ya kawaida haikutengenezewa kazi hiyo, na ekstensheni ndiyo kabisa. Anayetaka kuchaji nyumbani atenge pesa za fundi wa stima mwenye leseni, avutiwe waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la mita, swichi yake ya kujizima na soketi nzito. Gharama hiyo ni ya gari, si ya nyumba, kwa hivyo iandike kwenye bajeti ya gari.

Hesabu ya mwezi

Nimechukua kilomita 60 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, jumla 1,500. Huyo ni mtu wa Mtwapa anayefanya kazi mjini, na mizunguko yake ya soko na shule imo. Petroli nimeiweka shilingi 180 kwa lita. EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei kila tarehe 14, na sisi huwa tunalipa shilingi chache chini ya Nairobi kwa kuwa mafuta yanashukia hapa hapa, lakini Oktoba 2023 lita ilivuka 210 hata huku, basi usiichukulie 180 kama aya iliyoteremshwa. Stima nimeiweka shilingi 30 kwa yuniti (kilowati-saa moja), pamoja na kodi na tozo zote zinazokula tokeni.

Gari dogo la petroli kama Vitz au Demio, kwa foleni zetu na AC ikifanya kazi, ukipata kilomita 14 kwa lita shukuru. Hiyo ni kama lita 107, yaani shilingi 19,300 kwa mwezi. Toyota Aqua ya haibridi, yenye injini ya petroli na mota ya stima pamoja, kwa kilomita 20 kwa lita itakula lita 75, shilingi 13,500. Leaf, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, ipe yuniti 17 kwa kila kilomita 100. Zinatoka yuniti 255, shilingi 7,650.

Hapo ndipo watu hushangilia na kukimbilia yadi. Ngoja kwanza. Tuseme bei ya Leaf imeizidi ya Aqua kwa laki nne. Kila mwezi inakuokolea 5,850, kwa mwaka kama elfu 70. Laki nne zitarudi baada ya miaka karibu sita. Sasa mchukue mwalimu wa Ganjoni anayeendesha kilomita 600 tu kwa mwezi: Aqua itamla 5,400 na Leaf 3,060. Anaokoa elfu 28 kwa mwaka. Laki nne zake zitarudi baada ya miaka 14, na betri itakuwa imechoka zamani. Gari la stima humlipa anayeendesha sana. Anayeendesha kidogo analipia sifa.

Foleni ya feri ya Likoni, hata hivyo, ni hesabu nyingine. Ukikaa pale saa nzima na AC, injini ya petroli itachoma karibu lita moja ukiwa hujasogea. Leaf ikisimama hapo hapo na AC hutumia kama yuniti moja, shilingi 30. Haibridi iko katikati, injini inawaka na kuzima yenyewe. Ndiyo maana Mombasa nafasi kati ya Vitz na hayo mengine ni pana kuliko ya mtu anayekaa mji usio na foleni. Na ikiwa unavuka kila siku kuja kazini, jipatie hesabu ya barabara ya Dongo Kundu isiyopita kwenye feri pia, kilomita zaidi lakini bila kusimama.

Nafasi ya kwanza: haibridi ndogo, Aqua au inayofanana nayo

Naiweka mbele kwa sababu inamfaa mpangaji na mwenye nyumba, haihitaji soketi, na unaweza kwenda nayo Nairobi Ijumaa usiku bila kuwaza utachaji wapi. Mafundi wanaoijua wako. Siri yake iko chini ya kiti cha nyuma: kuna tundu la kuvuta hewa ya kupoza betri, na lina kichujio. Vumbi na nywele za paka zikiziba pale, betri inapikika. Nilimwona fundi akikitoa kichujio cha gari la abiria, kizito kama kipande cha blanketi, na mwenye gari alikuwa ameshaambiwa na gereji nyingine kwamba betri nzima imekufa. Kikasafishwa kwa dakika kumi, taa ikazimika. Kila servisi ya oili, mwambie fundi akitoe mbele yako.

Nafasi ya pili: Leaf ya betri ya yuniti 40, kwa mwenye ua na safari nyingi

Ukiwa na mita yako na unapita kilomita 1,500 kwa mwezi, ipandishe iwe ya kwanza. Hakuna oili ya injini, hakuna plagi za injini, na breki hudumu kwa kuwa mota yenyewe ndiyo inayopunguza mwendo. Tairi, shokomzoba na kutu havijali injini ya aina gani, na chumvi ya bahari italila gari lako la stima kama inavyolila la petroli. Ushuru wa bidhaa wa magari ya stima tupu ulishushwa kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, jambo linalosaidia kidogo kwa anayeagiza. Tangu 2023 pia kuna tarifu ya pekee ya kuchajia magari, ambayo usiku bei ya yuniti ni nusu ya mchana kabla ya tozo. Nenda ukaiulizie Kenya Power kabla hujaanza kuchoma tokeni za nyumbani.

Ubaya wake ni joto. Betri ya Leaf haina maji ya kuipoza, inategemea hewa tu, na hewa ya Februari hapa kwetu tunaijua. Usiiache juani ikiwa imejaa pomoni. Chaji hadi asilimia 80 na uilaze kivulini. Kwa ile soketi nzito ya nyumbani, kilomita 60 za siku zinarudi kwa kama saa tano, hivyo usiku unatosha. Stima ikipotea usiku mzima, kama ilivyotokea nchi nzima Agosti 2023, asubuhi uwe na akiba kwenye betri au na nauli ya matatu. Nairobi ni kilomita 480 na zote ni za kupanda, sikushauri.

Magari mapya ya stima ya BYD yana betri za aina ya LFP (lithiamu, chuma na fosfati) zinazostahimili joto vizuri zaidi, na mwenye pesa ya gari jipya aziangalie. Wengi wetu hatuko huko.

Ya tatu: Vitz, Demio na wenzao wa petroli

Kwa anayeendesha kidogo, hili ndilo rahisi kuliko yote. Spea ziko kila mtaa na ukitaka kuliuza kesho utapata mnunuzi kesho. Leaf ukiiuza utakaa barazani ukingoja simu.

Ya nne: Nissan Note e-Power

Si gari baya. Naiteremsha kwa sababu inauzwa kwa uongo. Utaambiwa ni ya stima. Ina mota ya stima, ndiyo, lakini haina mahali pa kuchomeka. Injini ya petroli ndiyo inayoitengenezea umeme. Utalipa mafuta na servisi kama haibridi yoyote, na barabara ndefu ya mwendo wa kasi haikupi faida unayoipata mjini.

Ya mwisho: Leaf ya zamani, betri ya yuniti 24 au 30

Sheria hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo Leaf za zamani unazoziona mjini zimeshakula jua letu miaka kadhaa. Bei yake huvutia, na hapo ndipo watu hunaswa.

Nilimsindikiza jirani kwenye yadi moja. Kijana wa pale akawasha dashibodi, akaonyesha kwa kidole: "Ami, ona, imejaa." Kweli chaji ilikuwa imejaa. Lakini pembeni kabisa ya kipimo cha chaji kuna safu ya vijistari vidogo vya uzima wa betri, na hivyo havihusiani na kuchaji. Gari jipya huwa navyo 12. Hili lilikuwa na 8. Cha kwanza kikiondoka ujue betri imeshapoteza karibu asilimia 15, na kila kinachofuata ni kama asilimia 6. Nikahesabu kwa sauti, moja, mbili, hadi nane, kijana akasema hiyo ni "setingi ya Kijapani".

Ukienda yadi, nenda na mtu mwenye kidubwasha cha kuchomeka kwenye gari na programu ya LeafSpy kwenye simu. Itakuonyesha uzima wa betri kwa asilimia, chembe kwa chembe. Endesha kutoka Nyali hadi Mtwapa na kurudi, AC ikiwa juu, na uandike chaji iliyoondoka. Chungulia chini ya gari uone kutu. Ulizia bima kamili kwa kampuni mbili tatu ukitaja aina ya gari, upewe bei kwa maandishi. Arbuni usitoe siku hiyo.