draw.io kwa anayeanza: angalia huu mshale kabla hujarudi kuchora kwenye Word

Mambo vipi wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo ni draw.io, programu ya kuchorea michoro: flochati (mchoro wa hatua za kazi), mchoro wa mtandao, mchoro wa hifadhidata, chati ya uongozi wa ofisi, vyote humo humo. Naanza na hukumu kabisa ili mwenye bando dogo aondoke na jibu lake: ni nzuri, ni ya bure, na kama unasoma Chuo cha Uhasibu pale Njiro, Arusha, au Chuo Kikuu cha Ushirika kule Moshi na una ripoti ya mfumo inakusubiri, anza nayo leo hii.

Kuifungua sielezi sana. Ingia kwenye brauza, andika draw.io, chagua ihifadhi wapi kazi yako, iwe Google Drive, OneDrive au kwenye laptopu yako mwenyewe, basi umeingia. Haikuombi ufungue akaunti yake. Haikuombi kadi ya benki. Na lipo toleo la kusakinisha, la Windows, Mac na Linux, ambalo linafanya kazi bila intaneti kabisa. Kwa sisi ambao bando linakata katikati ya kazi, hilo peke yake ni sababu tosha.

Sasa maneno. Huo uwanja mweupe hapo katikati ni kanvasi. Hivyo vya kushoto ni maumbo. Upande wa kulia kuna paneli ya mtindo: rangi, unene wa mstari, aina ya maandishi. Maumbo ya flochati mengi wenu mnayajua, na hayakubuniwa na hii programu. Yapo kwenye kiwango cha kimataifa, ISO 5807 ya mwaka 1985. Lile la mviringo mrefu ni mwanzo na mwisho, mstatili ni hatua ya kazi, almasi ni uamuzi, na lile kama mstatili ulioinama upande ni taarifa inayoingia au kutoka. Hayo manne yatakubeba mbali. Tusonge.

Kinacholeta kelele zote hizi ni konekta. Mshale. Ndiyo, mshale tu! Lakini subirini muone.

Angalieni skrini. Nachora kazi ya ofisi ya utalii, maana hapa Arusha na Moshi kila mtu ana ndugu kwenye hiyo kazi. Mgeni anataka kupanda Kilimanjaro. Naweka mstatili, naandika "Mgeni anachagua njia". Nikipeleka mausi juu yake, oneni, vinatokea vishale vinne hafifu, kila upande kimoja. Nabofya cha chini. Umeona? Umbo jipya limekuja na mstari umeshaungwa wenyewe. Hili nalibadilisha liwe almasi, naandika "Marangu?". Swali hili ni la kweli ofisini, kwa sababu njia ya Marangu mgeni analala kwenye vibanda, Mandara, Horombo, Kibo, wakati Machame, Lemosho, Umbwe ni mahema. Kwa hiyo Ndiyo inaenda kwenye "Omba nafasi za vibanda", na Hapana inakwenda stoo, "Toa mahema na magodoro".

Sasa nashika almasi naiburuza. Naipeleka juu kabisa, naitupa pembeni, naizungusha huku na huku. Mistari inaifuata! Yote mitatu! Hakuna hata mmoja uliobaki unaning'inia. Wewe uliyewahi kuchora flochati kwenye Word kwa kuchora mshale mmoja mmoja juu ya ukurasa unajua ninachosema: msimamizi anakwambia "ongeza hatua moja hapo katikati", ukisogeza maboksi mishale inabaki palepale, unaanza kuipanga upya usiku kucha. Hapa unasogeza, imeisha.

Lakini kuna siri ndani yake, na hapa ndipo wengi wanakwama, naomba msiruke. Konekta ina namna mbili za kushika umbo. Nikivuta mstari nikauachia pale umbo zima linapozungukwa na rangi, huo ni muungano unaoelea. Maana yake mstari wenyewe unachagua ushikie upande gani. Umbo likienda kulia, mstari unahamia upande mwingine. Nikiuvuta mpaka kwenye moja ya vile vialama vidogo vilivyoko ukingoni, kikageuka kijani, nikaachia hapo, huo ni muungano wa kudumu. Utabaki kwenye nukta hiyo hiyo hata uburuze umbo mpaka mwisho wa kanvasi.

Unatumia upi wapi? Kwa mistatili ya kawaida acha ielee, utapumzika. Kwa almasi, mimi nasema kila mara tumia wa kudumu. Ndiyo itoke kona ya kulia, Hapana itoke kona ya chini, mchoro mzima, kurasa zote. Msomaji akizoea kwamba kulia ni Ndiyo, hasomi tena, anafuata tu. Ukiacha almasi zielee, sehemu moja Ndiyo inatoka kushoto, nyingine inatoka juu, na mchoro wako unakuwa kazi ya kubahatisha. Nakasirika nikiona hivyo, kwa sababu kurekebisha ni kuvuta mstari mara moja tu.

Na kuandika hilo neno Ndiyo usilete kiboksi cha maandishi ukakiweka juu ya mstari. Hapana! Bofya mstari wenyewe mara mbili, andika. Neno limeshakuwa mali ya mstari, linatembea nao. Mstari ukikunjika vibaya, bofya kulia kuna "Clear Waypoints", inafuta vipinda vyote ulivyoweka na kuuacha ujipange upya. Mistari miwili ikikatizana, kwenye paneli ya mtindo tafuta "Line jumps", chagua upinde, mmoja unaruka juu ya mwenzake kama kidaraja, hakuna atakayedhani imeungana.

Kidogo kabla sijasahau: maikrofoni ni mpya, niambieni kwenye komenti sauti imekaaje. Na video za chaneli sasa zitakuwa zinatoka Jumamosi asubuhi, siyo Jumatano.

Turudi. Mtaniuliza Visio. Visio ni programu kongwe ya kuchorea michoro, ilitoka mwaka 1992, Microsoft wakainunua mwaka 2000, na ofisi kubwa bado zinaitumia. Ina nguvu, sibishi. Lakini ni ya kulipia, na ile ya kusakinisha haipo kwa Mac. Mwanafunzi wa mwaka wa pili unalipia dola kila mwezi kwa ajili ya mchoro wa kurasa mbili za nini? Lucidchart nayo ni nzuri, tena nzuri sana. Kwa timu inayochora pamoja kwa wakati mmoja naona imekaa vizuri kuliko hii. Shida ni kwamba ya bure inakuruhusu kuhariri nyaraka tatu tu. Tatu! Somo moja tu linazimaliza. Ofisi ikikulipia, tumia Lucidchart kwa moyo mweupe. Kama unalipa kutoka mfukoni, baki hapa.

Leni nazo nizitaje. Ni zile njia ndefu zinazoonyesha nani anafanya nini: leni ya Mgeni, ya Ofisi, ya Stoo, ya Muongozaji. Ni kontena, yaani umbo ukiliweka ndani linakuwa la humo, leni ikisogea nalo linasogea. Kwa mchoro wetu huu ni lazima, kwa sababu mara nyingi ugomvi wa ofisi ya utalii ni kwamba stoo hawakuambiwa. Ukiona mshale wa Hapana unavuka kutoka leni ya Ofisi kwenda leni ya Stoo, umeona mahali ambapo mtu anatakiwa kupiga simu. Leya ni kitu kingine, za kuficha na kuonyesha sehemu za mchoro. Anayeanza aziache kwanza.

Nisichokipenda ni kwenye simu. Inafunguka kwenye brauza, ndiyo, lakini kukamata hicho kialama cha kijani kwa kidole kwenye kioo kidogo ni mateso. Tafuta laptopu, hata ya kuazima.

Mwisho ni kutoa faili, na hapa watu wanapoteza kazi. Ukienda kuprinti steshenari, toa PDF, maana mashine yao haina haja ya kuwa na draw.io. Ukitoa picha ya PNG, kuna kiboksi kimeandikwa "Include a copy of my diagram", kiwekee tiki. Picha hiyo unaweza kuirudisha ndani ya draw.io kesho na ukaendelea kuihariri, maumbo na konekta zote zipo. Ila ukiituma WhatsApp, itume kama dokyumenti, usiitume kama picha. Ukiituma kama picha WhatsApp inaibana, mchoro uliofichwa ndani unapotea, na msimamizi wako anabaki na picha yenye ukungu isiyoharirika.

Faili la mchoro wa leo nimeliweka kwenye maelezo hapo chini, na leni zake zote nne. Lipakue, ongeza hatua ya malipo kati ya Ofisi na Mgeni, weka almasi ya "Amelipa?", na konekta zake ziwe za kudumu. Mkikwama andikeni, najibu komenti zote. Jumamosi tunachora hifadhidata.