Uzoefu wangu na jeki ya giaboksi: nimeshusha difu na propela ya Datsun 240Z

Wadau, nimekodi ile jeki ya giaboksi ya chini, yenye sahani juu na cheni ya kufungia, nikashushia difu (ile boksi ya gia ya nyuma inayogawia magurudumu nguvu) ya 240Z yangu hapa Mombasa, na kwa vile kuna wanaoniuliza kama inafaa ama mtu aendelee tu na jeki ya troli na jamaa mmoja amelala chini ameibeba kwa kifua, haya ndio niliyoyaona.

Gari ni ile aina dereva Edgar Herrmann alishindia Safari Rally 1971 na Shekhar Mehta 1973, kwa hivyo huwezi kuniambia ni laini, lakini yangu imekula chumvi ya bahari miaka mingi. Ukiachilia klachi inagonga nyuma kwa! na sili ya pinioni (raba ya kuzuia oili pale propela inafungwa kwa difu) inavuja. Hizi gari zikigonga hivyo angalia kwanza ule mpira wa mbele unaoshika pua ya difu, ukikatika pua inaruka juu kila ukikanyaga mafuta.

Kabla jeki haijaingia ni vita na kutu tu, dawa ya kutu usiku kucha, asubuhi soketi na kipande cha bomba. Fungua nati ya kujazia oili kwanza ndio umwage kwa ya chini, maana ukishamwaga halafu ya juu ikatae gari haiendi popote. Propela, yaani shafti ndefu ya kutoka giaboksi hadi difu, ina bolti nne kwa flenji (uso bapa wa kufungia), tia alama ya rangi irudi vile ilikuwa, na ukiichomoa kwa giaboksi oili itakufuata kwa hivyo mimi nilifunga juala na raba ya tyubu (ndio, juala la kabla ya marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2017, bado ninalo stoo). Shafti za pembeni zinazoenda kwa magurudumu nilifungua upande wa difu peke yake, bolti nne kila moja, nikazining'iniza na waya.

Sasa jeki. Ukishafungua pua na zile nati mbili kubwa za bar ya nyuma (chuma kinachoshika difu kwa nyuma), difu yote inataka kuanguka, na hapo ndio nilishukuru, vali yake inaachia polepole sana, unashusha kidogo, unachungulia, unashusha tena. Tatizo sahani imetengenezewa tumbo bapa la giaboksi na difu hii, aina ya R180, chini ni mviringo, inateleza, ikabidi niweke kabari za mbao na mkanda wa kufungia mizigo kwa sababu cheni yenyewe ni fupi. Halafu magurudumu ni madogo, yanakwama kila ufa wa sakafu, nililaza plaiwudi. Na hata ikishuka mwisho bado iko juu, so gari lazima uipandishe kwa stendi zaidi ya vile umezoea.

Lakini kurudisha aisee! Kulenga ile bar iingie kwa stadi zake (bolti zisizo na kichwa) huku pua ikikaa sawa na mpira mpya, na jeki ya troli ni matusi matupu, na hii unazungusha skrubu za kuinamisha sahani mpaka inaingia.

Kununua, kama huna gereji, mimi sioni haja. Kodi, nyota nne kwa tano. Ila kabla hujaondoka nayo ipampu ikiwa na mzigo juu, kunyweni chai, mkirudi mkikuta imeshuka yenyewe mwachie mwenyewe.