Zana za kompaila zisizoijua bodi yake: nyota tatu… hapana, moja

Nianze na haki yake: kompaila yenyewe, programu inayogeuza msimbo kuwa faili ya kuendeshwa, sina ugomvi nayo. GCC 12 iliyomo inakompaili haraka, na maonyo yake yanakupeleka hadi kwenye herufi yenye kosa. Hasira zangu ni kwa aliyefungasha. Huyu ni muuzaji wa bodi ya ARM (kompyuta ndogo yenye prosesa ya aina hiyo) anayekupa zana zake na mfumo endeshi wake, vyote viwili kwa jina lake, na ni wazi hajawahi kuvikutanisha. Ni fundi aliyekushonea suruali bila kukupima kiuno.

Andika programu tupu kabisa, `main` inayorudisha sifuri na kufunga. Inakompailiwa bila hata onyo moja. Ipeleke kwenye bodi: ``version `GLIBC_2.34' not found``. Imekufa kabla ya kufika kwenye mstari wako wa kwanza!

Kisa ni hiki. Programu ya C haianzii kwenye `main`, inaanzia kwenye `crt1.o`, faili ndogo ya kuianzisha, na hiyo ndiyo inayoita `__libc_start_main`. Glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, katika toleo la 2.34 lililotoka 2021, iliipa funksheni hiyo lebo mpya ya toleo. Zana hizi zimebeba glibc 2.35, kwa hiyo kiunganishi, yaani programu inayofunga msimbo wako pamoja na maktaba, kinakuta lebo mpya na kuigonga ndani ya faili yako bila kukuuliza. Bodi nayo ina mfumo endeshi wa Debian 11, yaani glibc 2.31. Programu iliyounganishwa na glibc ya zamani hukimbia kwenye mpya. Kinyume chake usitegemee. Kujihakikishia ni amri moja tu, `objdump -T programu | grep GLIBC_`. Ukiona namba kubwa kuliko ile inayotolewa na `ldd --version` kwenye bodi, usijisumbue kuinakili.

Niliwaandikia wahusika nikiwa nimewawekea haya yote. Jibu lilikuja bila salamu: "Tumia -static. Wateja wengine hawalalamiki." Jamani! Kwa programu tupu, `-static`, inayotia maktaba ndani ya programu yenyewe, inapita. Ila programu yoyote inayoita `getaddrinfo`, yaani karibu kila kitu kinachogusa mtandao, kiunganishi chenyewe kinakuonya kwamba wakati wa kukimbia itahitaji maktaba za glibc ile ile uliyounganisha nayo, kwa sababu kazi ya kutafuta majina ya mtandao hupakiwa kutoka maktaba za nje. Umezunguka ukarudi palepale. Anayeuza zana za kompaila hajui hilo?

Dawa ipo, tena si ya kutisha, ndiyo maana nilikuwa nataka kuwapa nyota tatu. Sakinisha `libc6-dev` kwenye bodi, la sivyo hutapata heda (faili zinazotangaza funksheni za maktaba) wala `crt1.o`. Kisha nakili `/lib`, `/usr/lib` na `/usr/include` kwa `rsync -aR` hadi folda moja kwenye kompyuta yako, tuseme `~/bodi`, na uipe kompaila `--sysroot=$HOME/bodi`, ili itafute maktaba na heda humo badala ya kwenye zana zake.

Hapo utakutana na `cannot find crt1.o`. Debian huweka faili hizo ndani ya `usr/lib/arm-linux-gnueabihf`, na GCC ya hawa jamaa haijui kutazama humo. Ongeza `-B$HOME/bodi/usr/lib/arm-linux-gnueabihf/` kwa ajili ya maktaba na `-isystem $HOME/bodi/usr/include/arm-linux-gnueabihf` kwa ajili ya heda.

Mtego unaouma zaidi ni simulinki, faili inayoelekeza tu kwenye faili nyingine. `libdl.so` kwenye Debian 11 inaelekeza kwenye njia inayoanza na mkwaju, `/lib/arm-linux-gnueabihf/libdl.so.2`. Ukishainakili, njia hiyo inatazama kompyuta yako badala ya folda yako, na faili haipo. Kiunganishi hakilalamiki: kinaona `libdl.a`, toleo lake la kutiwa ndani ya programu, iko pembeni, kinaichukua kimyakimya, nawe unabaki kushangaa makosa ya ajabu baadaye. Ndani ya `~/bodi`, endesha `find . -lname '/*'` na kila inayotokea uigeuze. Kwa hii, ukiwa ndani ya folda yake, ni `ln -sf libdl.so.2 libdl.so`.

Basi, kwa C mambo yakanyooka. Nyota tatu.

Halafu ikaja C++. Maktaba ya C++ ya GCC 12 ina lebo za matoleo hadi `GLIBCXX_3.4.30`, na ya bodi inaishia `3.4.28`. Kawaida hapa `-static-libstdc++`, inayotia maktaba hiyo ndani ya programu, inaokoa. Haikuokoa. `libstdc++.a` yao ilijengwa juu ya glibc 2.35, kwa hiyo ndani yake kuna rejeo la `__libc_single_threaded`, jina lililoanza kwenye glibc 2.32. Kwa 2.31 unapata `undefined reference`, na chaguo za kawaida za kompaila hazilifuti, kwa sababu kosa limeshakompailiwa ndani ya faili yao. Dawa ya kweli ni wao kuijenga upya GCC juu ya glibc ya bodi wanayoiuza wenyewe. Nyota mbili zimeondoka hapo.

Kama tayari unayo bodi hii, kifurushi chao kiache kwenye zipu. Fungua kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta yako) ya Debian 11, sakinisha `crossbuild-essential-armhf`, na utapata GCC 10 pamoja na glibc 2.31, zinazolingana na bodi. Utakosa mapya ya C++ yaliyokuja na GCC 11 na 12, lakini programu itakimbia.