Kuwinda aligeta Florida na nahodha wa kukodi, halafu pasi ya hifadhi za magharibi

Kama mna kikundi cha washkaji mnataka kuwinda aligeta (jamii ya mamba) Florida, mara ya kwanza kodini nahodha, msijiendee wenyewe. Sisi tulimpata mmoja upande wa Lake Okeechobee na hela yetu haikupotea hata senti, jamaa anaijua kazi. Anamulika tochi majini, macho yanawaka mekundu, anatazama kidogo anasema huyu mdogo tuachane nae, na kumbe anapima kwa jicho kutoka puani mpaka machoni, kila inchi moja hapo ni kama futi moja ya mnyama mzima, kwa iyo ukiona inchi kumi ujue dude lenyewe ni futi kumi!

Bunduki ya kawaida hairuhusiwi. Mnamnasa kwa ndoano au chusa lenye kamba na boya, anazama, mnalifata boya linakoenda, mnavuta kwa zamu mpaka viganja vinawaka moto, na akishafika ubavuni mwa boti ndo inatumika ile fimbo inayofyatua risasi ikimgusa kichwani. Hapo ndo nilimkubali zaidi nahodha, hakuna aliyeruhusiwa kupeleka mkono mpaka taya zimezungushiwa tepu, na tegi, yaani kile kibandiko cha kibali, ikafungwa mkiani palepale maana sheria inataka hivyo.

Kilichonikera ni ofisi ya huyo nahodha. Aliyepokea simu alisema kibali cha nahodha kinatutosha wote, wakati kila mtu mzima anayesaidia kuvuta lazima awe na leseni yake ya usaidizi, tukahangaika kuzilipia dakika za mwisho. Ukitaka kibali kwa jina lako ni bahati nasibu, maombi yanaanza Mei, msimu ni katikati ya Agosti mpaka mwanzoni mwa Novemba.

Sasa kwenye boti kuna kusubiri kwingi, stori zetu zote zikawa safari ya gari kule magharibi mwa Marekani, na nimeshanunua pasi ya America the Beautiful, ile ya mwaka ya kuingilia hifadhi za taifa. Mkazi wa Marekani dola 80 kwa mwaka, mgeni wa nje 250 tangu 2026, ila inaingiza gari na waliomo. Bila pasi, hifadhi ya Zion peke yake geti kwa gari la wakazi ni dola 35, Bryce Canyon 35, Grand Canyon 35, piga hesabu mwenyewe. Haifanyi kazi Monument Valley, ile ni ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji asilia wa Marekani, kule mnawalipa wao. Na Zion sehemu kubwa ya mwaka mnaacha gari mnapanda basi la hifadhi kuingia bondeni, mliobeba mizigo mingi mjipange.

Njia tuliyochagua ni Highway 12 ya Utah, Panguitch mpaka Torrey, ipiteni mchana jamani, karibu na Boulder barabara inapanda juu ya mgongo wa mwamba, huku korongo na huku korongo, na kingo za kuzuia gari hakuna.